Mavuno Matatu ya Mkunde: Elimu ya Kuchuma katika Nchi ya Ziwa

Waswahili wana methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kama mahasimu waliokutana njia nyembamba. Ya kwanza husema mvumilivu hula mbivu. Ya pili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wapo wanaozitaja methali hizi ili kuonesha kwamba wahenga hawakuwa na kauli moja. Lakini wahenga walikuwa wakulima kabla ya kuwa wasemaji, na mkulima anajua kwamba kila kauli ina siku yake. Upo mmea unaozibeba methali zote mbili katika shina moja, nao ni mkunde. Majani yake na maganda yake mabichi ni ya yule asiyengoja; punje zake kavu ni za mvumilivu. Kuijua siku ya methali hii na siku ya methali ile ni elimu, na katika nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, tangu Shinyanga hadi Buseresere, elimu hiyo ndiyo iliyotenganisha nyumba yenye mboga wakati wa kiangazi na nyumba isiyo nayo.

Msomaji wa visiwani hana haja ya kwenda mbali ili aifahamu kanuni ya elimu hii. Aitazame figili. Mtu akiisahau figili shambani, kiazi chake hupata nyuzi na kuwa na uwazi ndani, na shina huinuka likachanua maua meupe au ya zambarau hafifu. Wengi huing'oa na kuitupa, wakidhani kwamba imekwisha. Kumbe baada ya ua huja ganda la kijani, laini, lenye ukali mtamu wa figili yenyewe. Kule Gujarati na sehemu nyingine za Bara Hindi watu huotesha figili za aina maalumu kwa ajili ya maganda hayo tu, wakayaita mogri, na kiazi hawakijali. Ganda hilo huliwa maadamu likikunjwa linavunjika kwa mlio. Likishapinda bila ya kuvunjika, wakati wake umepita, nalo huachiwa mbegu. Figili ni mmea wa kale katika meza za wanadamu. Herodoto, mwanahistoria wa Kiyunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba alisomewa maandishi katika piramidi la Misri yaliyotaja fedha zilizotumika kuwanunulia wajenzi figili, vitunguu maji na vitunguu thomu. Hata hivyo, si nchi zote zilizogundua kwamba mmea huo una mlo wa pili baada ya ule wa kwanza.

Katika nchi ya Ziwa, mmea uliofunzwa kutoa zaidi ya mlo mmoja ni mkunde, na huo haukuhitaji kuletwa na majahazi. Mkunde ni mmea wa Afrika. Babu yake wa mwituni bado anaota katika bara hili, na hapa ndipo ulipofugwa kabla ya kusafiri kwenda Bara Hindi na kwingineko. Kwa hivyo habari ya kunde katika Buseresere ni habari ya watu na mmea wao wenyewe.

Buseresere ni kata ya Wilaya ya Chato, katika njia itokayo Geita kuelekea magharibi. Mji wake umeshikana na mji wa Katoro ulio upande wa Wilaya ya Geita, hata mgeni asiyejua mipaka hudhani kwamba ni mji mmoja. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilikuwa ya Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Wilaya ya Chato ilizaliwa mwaka 2005, na Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, Chato ikaingizwa humo. Wenyeji wa kale wa ukanda huo ni Wazinza na Wasubi. Wasukuma waliingia kwa wingi katika karne ya 20, wakitafuta malisho na mashamba mapya. Dhahabu iliwaleta wengine wa kila kabila. Hivyo sokoni hapo hukutana lugha nyingi, lakini jambo moja halibishaniwi: ugali hauliwi bila ya mboga. Na neno mboga kwa watu wa bara lina upana kuliko lilivyo kwa mtu wa pwani. Kila kinachoshushia ugali ni mboga, kiwe jani, samaki au nyama.

Sasa na yaelezwe mavuno hayo matatu. La kwanza ni la majani. Kiasi cha wiki tatu au nne baada ya kupandwa, mkunde huwa umekwisha kutoa majani ya kuchumwa. Mchumaji mjuzi hachumi chochote kilicho mbele yake. Huchagua yale majani machanga yaliyokwisha kufunguka, ya kijani kisichoiva sana, akayaacha makuu yaendelee kuulisha mmea, na akaiacha ncha ya kukulia. Hupita leo katika safu hii, kesho katika ile, na baada ya siku kadhaa hurudi alikoanzia. Mmea uliochumwa kwa kiasi hustahimili na kuzaa. Mmea ulionyang'anywa majani yote hutoa maua machache, na punje zake huwa haba. Hapa ndipo penye siri ya jambo zima: anayechuma jani huwa anakopa kutoka kwenye ganda, na mkopo huo una mpaka wake.

Mavuno ya pili ni ya maganda mabichi. Ua la mkunde hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na aghalabu kikonyo kimoja hubeba maganda mawili yaliyotengana kama pembe za ng'ombe. Ganda likiwa changa, punje ndani yake hazijajitokeza, na ukilikunja huvunjika papo hapo. Hilo hukatwakatwa na kupikwa lote. Zikipita siku chache, punje huvimba na ganda huonesha migongo yake. Nyuzi za ubavuni hukaza, na hapo ganda halitafuniki tena, lakini punje mbichi zilizomo hubambuliwa na kupikwa, nazo huwa na utamu ambao punje kavu haiujui. Namna ya kuchuma nayo ina adabu yake. Mkono mmoja hushika kikonyo na wa pili hulitwaa ganda, kwa sababu kikonyo kilekile kinaweza kutoa maua mengine. Anayevuta kwa pupa hung'oa ganda la leo pamoja na la wiki ijayo. Mmea unaochumwa maganda mabichi huendelea kuchanua. Ulioachwa mpaka maganda yakakauka hujihesabu kuwa umemaliza kazi yake ya mwaka.

Mavuno ya tatu ni ya mvumilivu. Ganda hugeuka rangi, likawa la majani makavu au la hudhurungi, na likitikiswa hulia. Hapo hatari ni mbili. Mvua ikilikuta, punje huota au kuoza humo ndani. Jua kali likilikuta limechelewa, hupasuka na kuzimwaga punje mchangani. Kwa sababu hiyo kunde kavu huchumwa asubuhi, wakati umande haujaliacha ganda likawa jepesi la kupasuka, kisha huanikwa uwanjani, zikapurwa na kupetwa. Adui wa mwisho ni fukusi, ambaye hutaga mayai yake tangu kunde zingali shambani, na kwa hivyo anayechelewa kuvuna huingiza mwizi ghalani kwa mkono wake mwenyewe. Majivu yaliyochekechwa na kuchanganywa na kunde ndani ya chungu ndiyo silaha ya zamani, na hata wataalamu wa leo hawaidharau. Punje hizo ndizo ambazo maji yake ya kuchemshia yaliwapa Waswahili jina la rangi. Msichana anayesifiwa kwa rangi ya maji ya kunde anasifiwa kwa lugha ya jikoni.

Lakini chakula cha kiangazi si punje peke yake. Wasukuma wanayo hazina nyingine itokayo katika mavuno ya kwanza, nayo huitwa nsansa. Ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Wako wanaoyachemsha kidogo kwanza na wako wanaoyaanika mabichi. Yakishakauka hufungwa na kuwekwa mahali pasipofikiwa na unyevu. Mgagani nao hukaushwa vivyo hivyo. Ifikapo Juni mvua huwa zimekoma, na mpaka vuli irudi mwezi Oktoba au Novemba bustani huwa vumbi tupu. Hapo nsansa hutolewa, ikachemshwa, ikatiwa karanga zilizotwangwa au maziwa, ikashushia ugali. Ndugu zake ni michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa vibichi, na matobolwa, ambavyo ni viazi vilivyochemshwa kwanza. Vyakula hivi vitatu ni kalenda iliyoanikwa juani. Mwenye kuviweka akiba ameuchukua mwezi wa Aprili na kuuhamishia mwezi wa Septemba.

Ni dhahiri, basi, kwamba mama mwenye shamba la kunde alikuwa na mizani kichwani mwake. Akichuma majani mengi kwa nsansa, maganda yatapungua. Akiyala maganda mabichi yote, hana punje za ghala. Akizila punje zote, hana mbegu. Na katika mwaka wa njaa mizani hiyo ilikuwa nzito kuliko katika mwaka wa neema, kwa sababu jani la kunde ndilo lililokuja kwanza, kabla mtama au mahindi hayajakomaa, wakati ghala la mwaka jana limekwisha na la mwaka huu halijajaa. Watoto wanalia leo; kiangazi kiko mbele. Je, achume kiasi gani? Swali hilo halikuandikwa katika daftari lolote, lakini lilijibiwa kila asubuhi na wanawake ambao majina yao hayakutunzwa.

Historia iliyoandikwa iliipita elimu hii kando. John Hanning Speke alilifikia Ziwa upande wa Mwanza mwezi Agosti 1858, akashughulishwa na suala la chemchemi ya Mto Nile. Henry Morton Stanley alifika Kageyi, katika pwani ya Usukuma, mwezi Februari 1875, na huko alimkuta mfanyabiashara kutoka pwani, Songoro, amekwisha kukaa. Njia ile ya misafara iliunganisha Ziwa na Bagamoyo na Unguja, na kumbukumbu zake zimejaa hesabu za pembe, nguo na shanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia, ikateketeza ng'ombe kwa maelfu katika Afrika ya Mashariki, na Usukuma haikusalimika. Nchi iliyozoea kutia maziwa katika mboga ilijikuta haina maziwa. Katika hali kama hiyo, thamani ya kila kilichochumwa kwa mkono huonekana, ijapokuwa hakuna msafiri aliyeihesabu.

Ilibidi angojwe mwandishi wa Ziwa mwenyewe. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ndefu ya Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na miaka mingi baadaye akaitafsiri kwa Kiswahili. Ilipigwa chapa mwishoni mwa uhai wake. Yeye alifariki mwaka 1981. Kitereza alielewa kwamba maisha ya nyumbani, kulima, kupika, kukaribisha wageni na kuuguza wagonjwa, ni historia inayostahili kuandikwa kwa utulivu uleule ambao wengine huandikia vita. Msomaji wa ushairi aliyezoea tungo za pwani atakuta humo binamu wa mbali, mwenye adabu ileile ya kukitaja kila kitu kwa jina lake.

Wakati Kitereza alipokuwa akiandika, nchi iliyomzunguka ilikuwa ikigeuka kuwa nchi ya pamba. Serikali ya Kiingereza iliisukuma pamba, na wakulima nao waliipokea kwa sababu ililipa kodi na kununua baiskeli, bati na nguo. Mwaka 1947 ulianzishwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ambao sehemu ya shabaha yake ilikuwa kupunguza msongamano wa watu na mifugo kwa kuwahamishia baadhi yao katika nchi za pembeni, Geita ikiwa mojawapo. Nchi hizo zilikuwa na mapori yenye mbung'o, na dawa ya mbung'o ilikuwa kufyeka na kukaa. Wahamiaji wengine walikwenda kwa mpango, wengine kwa miguu yao na kwa shauri lao, na wimbi hilo lilizidi kusogea magharibi katika miaka iliyofuata. Mwaka 1955 viliungana vyama vya ushirika vya pamba chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Hayo ni mambo ya fahari, na hakuna haja ya kuyapunguza.

Ila pamba ilikuwa na madai yake. Ilitaka palizi katika miezi ileile ambayo mkunde hutaka kuchumwa, na mabwana shamba waliitaka iwe peke yake shambani, ilhali kunde zilizoea kutambaa katikati ya mtama na mahindi. Pamba ilipimwa kwa ratili, ikaandikwa, ikalipwa. Jani la kunde halikupita katika mzani wowote. Hivyo kumbukumbu za enzi hiyo zaweza kumwambia mtafiti marobota mangapi yalitoka Mwanza, lakini haziwezi kumwambia ni familia ngapi zilivuka kiangazi kwa nsansa. Ukimya huo si ushahidi kwamba jambo hilo lilikuwa dogo.

Baada ya uhuru likaja jambo jingine. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya katikati ya 1970, watu waliokuwa wametawanyika, kila mji na mashamba yake yakiuzunguka, walikusanywa katika vijiji. Shule na zahanati zilisogea karibu. Kwa wengi, mashamba yalisogea mbali. Mahindi na pamba huweza kulimwa mbali na nyumba, mboga haiwezi. Mkunde unaochumwa kwa siku zake unataka jicho la kila asubuhi, na ganda ambalo Jumatatu lilikuwa likivunjika kwa mlio, Ijumaa huwa limekwisha kukaza. Umbali wa saa moja ya mwendo waweza kumgeuza mchumaji wa maganda mabichi akawa mvunaji wa punje kavu tu, si kwa kupenda, bali kwa kukosa njia.

Kisha dhahabu. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu zama za Wajerumani, na mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Uchimbaji mdogo ulishamiri katika miaka ya 1980 na 1990, na mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa kisasa. Miji ya njiani kama Katoro na Buseresere ilivimba kwa biashara. Mchimbaji hana bustani, hununua. Basi mboga, ambayo zamani haikupita katika mzani, sasa ina bei yake, na mwanamke mwenye fungu la majani au kisonzo cha nsansa anapata fedha mkononi. Hilo ni jema. Lakini soko lina jicho lake lenyewe. Mnunuzi hutazama fungu lililo kubwa na la kijani. Haulizi kama ncha ya mmea iliachwa. Anayechumia soko huvutwa kuchuma yote kwa mara moja, na huo ni mwendo wa machimbo ukiingia shambani. Dhahabu ikichimbwa leo, kesho hairudi mahali pake. Mkunde uliochumwa kwa adabu hurudi baada ya wiki.

Jambo la mbegu ndilo linalodhihirisha hasara iliyo hatarini. Figili huchavushwa na nyuki, ikachanganya damu na figili ya jirani, hata mbegu yake ya mwaka wa tatu isifanane na ya kwanza. Mkunde si hivyo. Ua lake kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hivyo mbegu iliyotunzwa na bibi huzaa kwa mjukuu mmea uleule: wa kutambaa au wa kusimama, wa majani mororo au wa punje nene. Kila chungu cha mbegu ni chaguo la vizazi, na mbegu hizo ni nyepesi. Kibuyu kidogo kinatosha kuhamia nacho kutoka Shinyanga hadi mapori ya magharibi. Lakini mbegu bila ya elimu ya siku zake ni nusu ya urithi. Aina iliyochaguliwa kwa utamu wa jani, ikiangukia mkono unaongoja punje tu, itahukumiwa kuwa haizai, nayo itaachwa. Hivyo ndivyo mmea unavyopotea bila ya kuugua: mikono inayojua kuuchuma ikitoweka, nao hutoweka.

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili kwa upande wao. Neno huwa na majira: lipo linalopendeza likiwa changa, likitamkwa lilipozaliwa, na lipo linalotaka kuhifadhiwa mpaka likauke, lipurwe, lipetwe makapi, ndipo litiwe katika beti. Mtunzi anayevuna yote mabichi hana ghala. Anayengoja yote yakauke huenda akakuta maganda yamepasuka na punje zimekwenda na upepo. Methali mbili za wahenga, basi, hazikuwahi kugombana. Ziliachwa pamoja ili mwenye shamba aitazame ile iliyo mkononi mwake, aikunje kidogo, na asikilize kama inavunjika.